Mandari na Matembezi ya Watu wa Mji wa Unguja

Historia ya miji yetu ya pwani imezoea kuandikwa kwa majina ya masultani, kwa tarehe za mikataba na kwa hesabu za karafuu na pembe. Ni nadra kuandikwa namna watu wa miji hiyo walivyopumzika. Hata hivyo mapumziko nayo yana historia, tena historia isiyo nyepesi. Tajiri hupumzika nyumbani kwake, au shambani kwake, au safarini. Maskini hana nyumba kubwa wala shamba, na safari ya mbali haimkai mfukoni. Yeye na watoto wake hupumzika mahali ambapo hakuna mlango wala mlipaji. Kwa hiyo kuuliza watu wa kawaida walikwenda wapi kupunga upepo ni kuuliza pia ardhi ilikuwa ya nani, na nani aliruhusiwa kuikalia.

Mji wa Unguja ni mfano mwema wa jambo hili. Ni mji mdogo uliozungukwa na bahari na mashamba, na kutoka humo mtu aweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya magharibi. Lugha yenyewe yashuhudia kwamba desturi hii si ngeni: yako maneno ya kupunga upepo, kutembea shamba na kwenda mandari, ambayo maana yake ni jamaa kutoka pamoja na chakula chao, wakala na kustarehe nje ya nyumba, kisha wakarejea. Mandari haihitaji gharama kubwa. Mkeka, kikapu cha maandazi au mkate wa kumimina, birika la chai, na madafu yaangushwayo huko huko, vyatosha. Kinachohitajika hasa ni mambo matatu: njia ya kwenda, chombo cha kuchukua watoto na wazee, na mahali pa wazi pa kukaa.

Katika karne ya 19 matembezi ya shamba yalikuwa starehe ya wakubwa. Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, alikuwa na jumba lake Mtoni, kando ya bahari kaskazini ya mji, na ndiko alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Huko juu Kidichi alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, nayo ingaliko hata leo na nakshi zake za chokaa ukutani. Salme, aliyeitwa baadaye Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886. Humo ameeleza jinsi jamaa ya kifalme walivyokwenda mashambani: punda weupe waliopambwa, mabibi juu ya punda, na watumwa wakienda mbio kando yao.

Katika maelezo hayo msomaji hana budi kuwatazama wale waliokwenda mbio. Safari ile ile iliyokuwa mapumziko kwa aliyepanda ilikuwa kazi kwa aliyetembea, na shamba lile lile lililokuwa bustani kwa bibi lilikuwa jembe kwa mtumwa. Neno shamba lilikuwa na maana mbili kwa watu wa aina mbili. Sheria ya kufuta utumwa ilipotolewa Unguja mwaka 1897, wengi wa waliokuwa watumwa waliyaacha mashamba wakahamia Ng'ambo, upande wa pili wa ule mkono wa bahari ulioutenga mji wa mawe. Watu hao hawakuwa na sababu ya haraka ya kulitamani shamba. Ilipasa kipite kitambo, na kije chombo kipya, ndipo safari ya shamba igeuke kuwa furaha ya watu wote.

Chombo hicho kilikuwa gari la moshi. Kampuni ya Kimarekani iliyoitwa Arnold Cheney ilipewa idhini ya kujenga reli kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, mpaka Bububu, mwendo wa maili 7, na gari likaanza kazi mwaka 1905. Reli ilipita katika njia nyembamba ya Darajani, karibu kabisa na milango ya nyumba na maduka, na cheche za mtambo ziliwaudhi wakazi na abiria. Kwa wageni waliokuja na meli kulikuwa na behewa la daraja la kwanza, kwani safari ya Bububu ilikuwa mojawapo ya maajabu waliyoonyeshwa. Lakini reli haikuishi kwa wageni. Waliolijaza gari ni watu wa shamba waliokuja mjini na mazao yao, na watu wa mji waliokwenda shamba kutazama ndugu au kunyosha miguu. Kwa mara ya kwanza, mtu asiye na punda wala mtumwa aliweza kupita Maruhubi na Mtoni, akayaona magofu ya majumba ya kifalme kutoka dirishani, akafika Bububu asubuhi na kurudi jioni, kwa nauli ya kawaida.

Hapa yafaa kusahihisha kisa kipendwacho na wengi, kwamba Bububu imepata jina lake kutokana na mlio wa gari hilo. Kisa ni kitamu, na mtambo wa moshi kweli hulia hivyo masikioni mwa mtoto. Walakini Salme anaitaja Bububu kwa jina lake hilo hilo katika kitabu cha mwaka 1886, naye alikaa huko tangu siku zake za ujana, miaka mingi kabla ya reli. Jina haliwezi kuzaliwa na mlio ambao haujasikika bado. Wengine hulifungamanisha na mlio wa maji yabubujikayo, na neno hilo lina sura ya kweli zaidi, kwa kuwa Bububu ni nchi ya chemchemi. Sultani Barghash, aliyetawala toka mwaka 1870 hata mwaka 1888, aliyavuta maji kutoka upande huo yakafika mjini kwa mfereji. Basi Bububu iliwapa watu wa mji maji ya kunywa kwanza, ndipo baadaye ikawapa mahali pa kupumzikia.

Serikali iliinunua reli mwaka 1911. Umri wake haukuwa mrefu. Barabara zilitengenezwa, magari ya petroli yakaingia, na mwaka 1922 gari la moshi liliacha kuchukua abiria. Lilibaki likivuta mawe ya kujengea bandari mpya mpaka mwisho wa miaka ya 1920, kisha reli ikang'olewa. Nafasi yake ilishikwa na mabasi ya bodi za mbao, yanayoingiza abiria kwa nyuma na kupakia vikapu, kuku na mafungu ya ndizi juu ya paa. Desturi ya kutembea shamba haikufa pamoja na reli, ilipanda basi. Jambo hili lafundisha kwamba watu hawakuwa wameipenda mashine, bali walipenda kule walikopelekwa nayo.

Ile bandari iliyojengwa kwa mawe hayo ilileta, bila kukusudiwa, zawadi nyingine. Kabla yake forodha na maghala yake yalikuwa mbele ya Ngome Kongwe, na ndiyo asili ya jina Forodhani. Shughuli za meli zilipohamia Malindi, kipande hicho cha pwani kiliachwa wazi katikati ya mji wenye vichochoro visivyopitisha upepo. Mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya kukaa katika kiti, mahali hapo palifanywa bustani kwa ukumbusho wa jubilii yake. Palijengwa jukwaa la bendi, pakapandwa miti na kuwekwa viti. Mtu aliyekwenda Forodhani jioni hakuhitaji nauli. Aliwashika mkono watoto wake akatembea hatua chache, akaketi kuelekea machweo, akanunua muhogo wa kuchoma au maji ya miwa kama ana senti, na kama hana akarudi bila kununua na bila aibu.

Isidhaniwe kwamba bustani zote zilifunguliwa hivyo tangu mwanzo. Bustani ya Victoria, iliyokuwa ya starehe za wanawake wa Sultani Barghash, ilitolewa kwa umma na Sultani Hamoud mwaka 1899, lakini ukumbi wake ukaja kutumiwa na Baraza la Kutunga Sheria. Viwanja vya Mnazi Mmoja navyo vilikuwa na mipaka isiyoandikwa ukutani: Waingereza walikuwa na sehemu yao ya gofu na kriketi, na watoto wa Ng'ambo walijua wapi pa kuchezea mpira na wapi pa kupita bila kusimama. Mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na Ng'ambo ulifukiwa kidogo kidogo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 na baadaye. Ardhi iliunganishwa mapema kuliko watu.

Hata hivyo zilikuwapo siku ambazo mipaka hiyo ilisahauliwa. Katika Idi, ambayo Unguja husherehekewa kwa siku nne, viwanja vya Mnazi Mmoja vilijaa watoto wa kila mtaa, kila mmoja na nguo mpya na sarafu za mkono wa Idi mfukoni. Pembea, vinyago, ubuyu, na barafu za rangi viliwangoja. Kwa jamaa yenye watoto sita na mshahara mdogo, hii ndiyo ilikuwa safari kubwa ya mwaka: kutoka Mwembetanga au Kikwajuni hata Mnazi Mmoja, kwa miguu. Akina mama, ambao kwa desturi ya wakati huo hawakuonekana sana njiani mchana, walitoka jioni katika mabuibui yao, jirani na jirani. Wengine walikwenda sinema, na baadhi ya maonyesho yaliwekwa kwa ajili ya wanawake peke yao. Kwa mwanamke aliyeshinda jikoni na ukumbini, saa mbili za kutoka hazikuwa upuuzi. Zilikuwa sehemu ya uhuru wake, na alizihesabu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliibadili milki ya ardhi. Mashamba makubwa yalichukuliwa na kugawiwa wananchi ekari tatu tatu, na majumba ya kifalme yakawa mali ya serikali. Katika jamaa nyingi za mjini, kwenda shamba sasa kulikuwa na maana mpya: kumtembelea mjomba au shangazi aliyepata ekari zake, kula maembe na mafenesi yake, na kurudi mjini na kikapu kilichojaa. Neno shamba, lililokuwa na maana mbili katika zama za Salme, lilianza kukaribia kuwa na maana moja.

Tangu miaka ya 1980 utalii umekuwa nguzo ya uchumi wa kisiwa, na umeleta swali ambalo wazee wa reli hawakulijua. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Bustani ya Forodhani, iliyokuwa imechakaa na ukuta wake wa bahari kuliwa na mawimbi, ilitengenezwa upya na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Kazi ilikuwa njema, na bila hiyo huenda bahari ingekula bustani yenyewe. Lakini meza za pweza na mishkaki zilizo mbele ya mgeni mwenye fedha za kigeni hazina budi kuangalia mfuko wake, na bei ipandayo kwa mgeni humpandia na mwenyeji. Pwani nazo, ambazo mvuvi na mtoto walizipita bila kuuliza, mahali pengi zimepakana na kuta za hoteli.

Wako wasemao kwamba mahali pasipoingiza fedha ni mzigo, na kwamba bustani lazima ijilipie. Hoja hii ina ukweli wake, maana taa, ufagio na mlinzi havipatikani kwa dua. Lakini historia iliyoelezwa hapa yaonyesha hesabu nyingine. Reli ya Bububu haikudumu miaka 25, wala hakuna aikumbukaye kwa faida yake. Hukumbukwa kwa sababu iliwapeleka watu. Forodhani ilikuwa na thamani ya biashara ilipokuwa forodha, lakini ilipendwa ilipoacha kuwa forodha. Viwanja vya Mnazi Mmoja havikuuza kitu, na humo mtoto wa Ng'ambo na mtoto wa mji wa mawe walionana uso kwa uso siku nne kila Idi, katika nchi iliyokuwa na haja kubwa ya watu wake kuonana.

Mahali pa wazi hapafi kwa siku moja. Hupunguzwa kwa ua hapa, kwa kibanda pale, kwa ada ndogo ya kuingilia, mpaka jamaa isiyo na kitu ijikute imebaki na kizingiti cha nyumba yake tu. Anayepata hasara hiyo haandiki magazetini. Huacha tu kutoka. Kwa hiyo wanaopanga miji wasihesabu majengo peke yake. Wahesabu pia mwendo ambao mama aweza kutembea na watoto watatu kabla hawajachoka, na waulize kama mwisho wa mwendo huo pana mti wenye kivuli ambao chini yake hakuna atakayemwambia aondoke.