Diriyah na Jeddah ya Kale: urithi wa udongo na matumbawe

Kijiji cha wakulima wa mitende karibu na Riyadh na bandari ya mahujaji katika Bahari ya Sham ni miongoni mwa maeneo ya Saudi Arabia yaliyomo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kimoja kilihifadhika kwa sababu kiliachwa magofu. Nyingine ilikaribia kupotea ingali imejaa watu.

Kijiji kilichozaa dola

Diriyah iko kaskazini-magharibi ya Riyadh, kando ya Bonde la Hanifa. Inaelezwa kuwa ilianzishwa mwaka 1446 na Mani al-Muraydi, mhenga wa ukoo wa Saud. Nyumba zake zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani.

Mwaka 1744, mtawala wa Diriyah, Muhammad bin Saud, alifanya mapatano na mwanazuoni Muhammad bin Abdul-Wahhab. Katika miongo iliyofuata Diriyah ikawa makao makuu ya dola iliyoenea sehemu kubwa ya Bara Arabu, hata ikaitwaa miji mitakatifu ya Makka na Madina.

Dola ya Uthmaniya haikulivumilia jambo hilo. Mwaka 1818 majeshi kutoka Misri, yakiongozwa na Ibrahim Pasha, yaliizingira Diriyah kwa miezi kadhaa, yakaiteka na kuibomoa.

Ukoo wa Saud uliporejea madarakani mwaka 1824, ulichagua Riyadh kuwa makao yake. Kwa hiyo mji mkuu ulikua kwingine, na mtaa wa Turaif, wenye makasri ya watawala wa kale, ukasalia na kuta zake za udongo. Katika Riyadh yenyewe, nyumba nyingi za aina hiyo zilivunjwa katika karne ya 20 kupisha barabara na majengo ya saruji. Ngome ya Masmak, aliyoiteka Abdulaziz bin Saud mwaka 1902, ni miongoni mwa machache yaliyobaki.

Turaif iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2010.

Lango la Makka

Historia ya Jeddah ni ya namna nyingine. Mwaka 647 Khalifa Uthman bin Affan aliifanya bandari ya Makka, na tangu hapo mahujaji na wafanyabiashara kutoka pande zote za Bahari ya Hindi, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo, wamepita hapo.

Kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869 na ujio wa meli za mvuke kuliwatajirisha matajiri wa mji. Walijenga nyumba ndefu za ghorofa kwa mawe ya matumbawe, zenye madirisha ya mbao yaliyochomoza nje, yaitwayo rawashin. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo: ni jamaa ya roshani. Katika mojawapo ya nyumba hizo, ile ya Nassif, ndimo alimofikia Abdulaziz alipoingia Jeddah mwaka 1925.

Ukuta wa mji ulibomolewa mwaka 1947. Fedha za mafuta zilipoongezeka, familia za kale zilihamia mitaa mipya, na nyumba zao zikapangishwa kwa wahamiaji na wafanyakazi wa kipato cha chini. Nyingi ziliungua au kuporomoka. Mji wa kale uliandikishwa UNESCO mwaka 2014, na mwaka 2021 ukatangazwa mpango wa kukarabati zaidi ya majengo 600, misikiti 36 na masoko makuu matano.

Nyumba huishi kwa matunzo

Udongo huliwa na mvua, na matumbawe hudhoofishwa na chumvi na unyevu. Zanzibar inalijua hilo: mwezi Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa pia kwa mawe ya matumbawe, iliporomoka na kuua watu.

Lakini fundi peke yake hatoshi. Jeddah ya Kale ilijengwa na watu waliotoka mbali wakabaki, na katika miaka ya uchakavu wahamiaji ndio walioendelea kuishi humo. Ukarabati utakapokamilika, thamani ya mji huo itapimwa pia kwa kuangalia kama bado una wakazi, au umebaki na watalii pekee.