Björk, Selma na Swali la Mwenye Kazi

Mei 2000, waamuzi wa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, walimpa mwimbaji wa Iceland, Björk Guðmundsdóttir, tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa kucheza nafasi ya Selma katika Dancer in the Dark. Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Lars von Trier wa Denmark, ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha. Björk hakuwa amesomea uigizaji, na muda si mrefu akasema hana haja ya kuigiza tena. Wengi wanaoandika juu ya maisha yake hulipita tukio hili kama mchepuko: mwimbaji alijaribu sinema, akakiona cha mtema kuni, akarudi zake studio. Makala hii inadai kinyume chake. Ugomvi uliozuka kati yake na von Trier wakati wa kupiga picha za filamu ile ndio unaoieleza kazi yake nzima, kwa sababu ulianika hadharani swali ambalo amekuwa akipambana nalo tangu utotoni: kazi ikipita katika mikono ya wengi, mwenye kazi ni nani?

Swali hilo lilianza mapema mno. Björk alizaliwa Reykjavík tarehe 21 Novemba 1965, na tangu akiwa na miaka sita alipelekwa shule ya muziki, akajifunza piano na filimbi. Wimbo mmoja alioimba shuleni ulirushwa redioni, na mwaka 1977, akiwa na miaka 11, akarekodi albamu yake ya kwanza. Ilikuwa kazi ya watu wazima kwa sauti ya mtoto: nyimbo za Beatles na Stevie Wonder zilizotiwa maneno ya Kiiceland, gitaa la baba wa kambo, jalada lililobuniwa na mama. Lakini katikati ya nyimbo hizo kuna kipande kimoja kisicho na maneno, alichokitunga mwenyewe kwa heshima ya mchoraji Jóhannes Kjarval. Albamu iliuzika vizuri katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu takriban 220,000. Alipotakiwa kurekodi ya pili ya namna ileile, alikataa. Mtoto aliyekwisha kuonja umaarufu hakatai hivihivi. Alikuwa amegundua tofauti kati ya kuimbishwa na kuimba.

Yaliyofuata yanapaswa kusomwa kwa jicho hilo. Magazeti ya nje, hasa ya Uingereza, yalizoea kumchora kama kiumbe cha ajabu kilichochomoza kutoka kwenye barafu na volkano, kana kwamba muziki wake ulimtoka bila kujifunza. Simulizi hiyo ina ladha yake, ila inafuta miaka ya darasani, na inafuta pia vikundi vya panki vya Reykjavík alimopitia: Tappi Tíkarrass, kisha KUKL, kisha Sugarcubes iliyoanzishwa mwaka 1986. Sugarcubes ilizaliwa ndani ya Smekkleysa, ushirika wa wanamuziki na washairi ambao walitoa santuri na kuchapisha mashairi yao wenyewe bila kungoja ridhaa ya kampuni kubwa. Humo ndimo alimojifunza kwamba kushirikiana na kumiliki havipingani, mradi kila mmoja ajue alicholeta mezani.

Albamu za baadaye zimejaa watu. Debut ya 1993 ilitengenezwa London pamoja na Nellee Hooper. Homogenic ya 1997 ilikutanisha vyombo vya nyuzi na midundo ya kompyuta ya Mark Bell. Medúlla ya 2004 ilijengwa karibu yote kwa sauti za binadamu, za kwaya na za watu wanaopiga ngoma kwa midomo. Katika Volta ya 2007 wamo Toumani Diabaté wa Mali na kora yake, na Konono N°1 wa Kinshasa na likembe zao zilizounganishwa na vikuza sauti. Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapojitokeza, na si dogo: je, huyu si hodari wa kuchagua mafundi tu, halafu jina linaandikwa lake? Vespertine ya 2001 inatoa jibu. Midundo yake midogomidogo, inayosikika kama vitu vya nyumbani vinavyogusanagusana, Björk aliishughulikia kwa takriban miaka mitatu kwenye kompyuta mpakato. Wawili wa kundi la Matmos waliingia mwishoni kabisa na kuongeza vionjo juu ya nyimbo zilizokwisha kusimama, lakini waandishi wakawapa wao sifa ya albamu. Mwaka 2015 hadithi ikajirudia: Vulnicura ilitajwa kana kwamba Arca ndiye mtayarishaji wake pekee, ilhali nyimbo nyingi na mipangilio ya vyombo vya nyuzi vilikuwepo kabla hajajiunga. Björk alilalamika waziwazi, akieleza kwamba mwanamke hulazimika kurudia mara kadhaa jambo ambalo mwanamume akilisema mara moja husikika. Tukiamua kumnyima umiliki kwa sababu alikuwa na wenzake, basi tuwanyime pia wanaume wote wanaofanya kazi kwa mtindo huohuo. Hilo halifanyiki.

Tukirudi kwenye filamu, mambo yanaonekana vingine. Mwanzoni Björk alitakiwa atunge muziki tu. Ni von Trier aliyemshawishi acheze. Selma ni mhamiaji kutoka Czechoslovakia, mfanyakazi wa kiwanda huko Marekani, anayepofuka polepole huku akidunduliza fedha za upasuaji wa macho ya mwanawe. Mashine za kiwanda zikigonga, yeye husikia mdundo. Magurudumu ya treni yakipita kwenye reli, wimbo huanza. Yaani mhusika anafanya kazi ileile anayoifanya mtunzi: anachukua kelele za dunia na kuzipanga. Mwongozaji alizipiga picha nyimbo hizo kwa kamera 100 za kidijitali zilizotegwa kila pembe, kisha akabaki na uamuzi wa nini kikatwe. Kwa mtunzi aliyezoea kulinda kila sekunde ya muziki wake, hapo ndipo palipokuwa na moto. Sikiliza albamu ya Selmasongs, aliyoitoa mwaka huohuo, utaona alivyojibu: wimbo wa treni ambao katika filamu anaimba na Peter Stormare, hapa anauimba na Thom Yorke, na baadhi ya maneno yamebadilishwa ili nyimbo zisimame bila kuegemea kisa. Oktoba 2017 suala likachukua uzito mwingine, alipoandika kwamba mwongozaji mmoja wa Denmark, ambaye hakumtaja jina, alimsumbua kingono. Von Trier alikana. Hata msomaji asiyetaka kuamua kati yao atatambua kwamba ugomvi ule haukuwa wa nani anajua muziki zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: tuzo yake kubwa kabisa ya uigizaji aliipata pale alipokuwa chini ya amri ya mwingine, kwa hiyo pengine sanaa hunufaika msanii akisalimu amri. Sitabisha kwamba uso wa Selma una nguvu kwa sehemu kwa sababu unaonyesha mtu anayebanwa. Lakini hoja hiyo inachanganya bei na bidhaa. Katika The Juniper Tree, filamu ya Nietzchka Keene ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopigwa Iceland na kutolewa 1990, Björk alikwisha kucheza binti wa mwanamke aliyeuawa kwa tuhuma za uchawi. Uigizaji wake humo umetulia na unasadikisha, tena bila vita yoyote inayojulikana. Kipaji kilikuwepo kabla ya Cannes.

Isitoshe, kiapo chake cha 2000 hakikuwa cha kuikimbia kamera. Mwaka 2005 alionekana katika Drawing Restraint 9 ya Matthew Barney, aliyekuwa mwenzi wake, ndani ya meli ya Kijapani ya kuvulia nyangumi, na muziki wa filamu hiyo aliutunga yeye. Mwaka 2019, kwa ajili ya maonyesho yake ya Cornucopia huko New York, yeye ndiye aliyemwita mwongozaji wa sinema, Lucrecia Martel wa Argentina, asimamie jukwaa lake. Ni The Northman ya Robert Eggers (2022) inayoipinda hoja yangu kidogo, maana humo Björk anatokea katika onyesho moja tu, akiwa mtabiri kipofu, na muziki si wake. Ila muswada Eggers aliuandika na Sjón, mshairi wa Reykjavík ambaye maneno yake yamo pia katika nyimbo za Selma. Na aliyewakutanisha wawili hao ni Björk.