Kiinua Mgongo: Hisani au Ujira?

Siku moja tulikuwa darasani tukifundisha msamiati wa kazi na mishahara, tukafika penye neno kiinua mgongo. Tulieleza, kama ilivyo desturi, kwamba ni fedha apewazo mtu anapostaafu baada ya utumishi wa muda mrefu. Mwanafunzi mmoja akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, huyo anayeuinua mgongo analipa deni au anatoa sadaka?" Darasa likacheka. Sisi tulicheka kidogo tu, kwa kuwa jibu hatukuwa nalo.

Neno lenyewe limeundwa kwa ustadi. Mtu ameinama kazini miaka thelathini. Siku ya kuondoka anapewa kitu cha kumsaidia kuunyosha mgongo wake. Lakini muundo huo hausemi kitu hicho ni cha nani kabla hajapewa. Mafao nalo, litokalo katika kitenzi kufaa, linataja manufaa bila ya kutaja mwenyewe. Akiba peke yake ndiyo inayotamka wazi kwamba mali ni ya aliyeiweka. Tulipochungua zaidi tuligundua kwamba swali la mwanafunzi wetu liliwahi kuzishughulisha mahakama na mabunge kwa muda mrefu, na mahali lilipopiganiwa kwa ukali na kwa uwazi zaidi ni nchini Marekani. Tumeonelea vema kuwasimulia wasomaji wetu habari hiyo, kisha turejee nyumbani.

Kampuni ya kwanza ya Marekani kuwawekea watumishi wake utaratibu wa pensheni ilikuwa American Express, mwaka 1875. Siku hizo kazi yake ilikuwa kusafirisha mizigo na vifurushi. Kampuni za reli na viwanda vikubwa vikafuata baadaye. Walakini, nyingi za taratibu hizo ziliandikwa kwa tahadhari: kampuni inatoa kwa hiari yake, na yaweza kusitisha wakati wowote. Mwaka 1898 mahakama ya New York iliamua kesi ya mfanyakazi aliyemdai mwajiri wake, kampuni ya Solvay Process, fedha zilizokuwa zimekwisha andikwa kwa jina lake katika mfuko wa pensheni. Mahakama ikasema kwamba fedha hizo ni zawadi, na zawadi haijawa mali ya mtu mpaka aipokee mkononi. Hukumu hiyo ilithibitishwa na mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1901. Basi kwa Wamarekani wa zama hizo jibu lilikuwa wazi: ni hisani.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoanza kuubadilisha mtazamo huo. Serikali ilikuwa imezuia mishahara isipande, kwa hiyo waajiri waliowahitaji wafanyakazi wakawavutia kwa ahadi za uzeeni. Vita vilipokwisha, vyama vya wafanyakazi vikataka ahadi hizo zijadiliwe mezani kama mshahara. Kampuni ya chuma ya Inland Steel ilikataa, ikashindwa mahakamani mwaka 1948, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza rufaa yake juu ya jambo hilo. Tangu hapo pensheni ikawa sehemu ya ujira, ujira unaolipwa baadaye.

Hata hivyo, kuuita ujira ni jambo moja, na kuuona ni jingine.

Katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, ilikuwako kampuni ya Studebaker. Ilianza mwaka 1852 kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi, na mwanzoni mwa karne ya ishirini ikaingia katika magari ya moto. Mwaka 1950 ilikubaliana na chama cha wafanyakazi kuanzisha mfuko wa pensheni. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha mambo. Siku mfuko ulipoanzishwa, kiwandani walikuwamo wazee waliokwisha kufanya kazi miaka ishirini na zaidi. Walihesabiwa miaka hiyo yote ya nyuma, na ilikuwa haki yao. Lakini fedha za miaka hiyo hazikuwako; kampuni iliahidi kuzitia mfukoni kidogo kidogo kwa muda wa miaka thelathini. Ilikuwa kama mtu kuhamia nyumbani huku matofali ya kuta yangali kwa mfyatuaji, hayajalipiwa.

Tarehe 9 Desemba 1963 kampuni ilitangaza kwamba inafunga kiwanda cha South Bend. Mfuko ulipohesabiwa, fedha hazikutosha. Zikagawanywa kwa utaratibu uliokuwa umeandikwa tangu mwanzo. Waliokwisha staafu, pamoja na waliotimiza umri wa miaka 60 na miaka kumi ya kazi, yapata watu 3,600, wakapata pensheni zao kamili. Kundi la pili lilikuwa la watu yapata 4,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 59, ambao nao walikuwa wametimiza miaka kumi. Hao walipewa kwa mkupuo kiasi cha asilimia 15 ya thamani ya haki yao. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na wastani wa utumishi wao yapata miaka 23. Waliosalia, kama 2,900, hawakupata hata senti.

Msomaji atatafuta mwizi katika habari hii, asimwone. Hakuna aliyekimbia na fedha za mfuko wala aliyevunja mkataba. Kila kilichotendeka kilikuwa kimeandikwa. Hilo ndilo lililowashtua watu: kwamba mtu mwenye miaka 59 aweza kupoteza sehemu kubwa ya uzee wake kwa njia halali kabisa, huku jirani yake aliyemzidi mwaka mmoja akipata yote.

Tangu kufungwa kwa kiwanda hadi kupatikana kwa sheria ilipita miaka kumi na kitu. Kamati iliyoteuliwa na Rais Kennedy mwaka 1962 ilitoa taarifa yake Januari 1965. Seneta Jacob Javits wa New York alipeleka muswada mwaka 1967, nao ukakwama. Waajiri waliogopa gharama, na hata baadhi ya vyama vya wafanyakazi havikupenda mifuko yao iingiliwe. Septemba 1972 televisheni ya NBC ilionyesha filamu ya habari juu ya wazee waliopokonywa pensheni, na wananchi wakapandwa na hasira. Hatimaye, tarehe 2 Septemba 1974, siku ambayo Wamarekani waliadhimisha sikukuu ya wafanyakazi, Rais Gerald Ford, aliyekuwa hajatimiza mwezi mmoja madarakani, aliitia sahihi Sheria ya Usalama wa Kipato cha Wafanyakazi Wastaafu.

Sehemu ya sheria hiyo inayotupendeza sisi watu wa lugha ni ile inayotaja wakati ambapo ahadi hugeuka mali. Kabla ya hapo mwajiri aliweza kuandika kwamba mfanyakazi hana chake mpaka afikishe miaka 60 akiwa bado kazini. Akifukuzwa akiwa na 59, basi. Sheria ikaweka kikomo: kwa kanuni mojawapo, aliyefanya kazi miaka kumi haki yake haiwezi kunyang'anywa tena, hata akihama. Mwaka 1986 miaka hiyo ilipunguzwa, ikawa mitano kwa mifuko mingi. Katika darasa letu tumeiita haki iliyokomaa, kwa mfano wa tunda. Mwenzetu aliye na neno bora na atuandikie.

Aidha, sheria iliwalazimisha waajiri kutia fedha mfukoni kwa kipimo, na wasimamizi kuzitunza kwa faida ya wanachama peke yao. Ikaundwa na bima: shirika la dhamana ambalo hupokea ada kutoka kila mfuko, na mfuko ukifa, shirika hulipa pensheni mpaka kiwango fulani. Ada ya mwanzo ilikuwa dola moja kwa kila mwanachama kwa mwaka. Wazee wa South Bend wenyewe hawakurudishiwa kitu, kwani bima haikurudi nyuma hadi siku zao.

Tusije tukadhani kwamba mambo yalikwisha hapo. Sheria haikumlazimisha mwajiri yeyote kuanzisha mfuko. Ulinzi ulipokuwa ghali, wengi waliiacha pensheni ya ahadi na kufuata akaunti za akiba za mfanyakazi mmoja mmoja, zilizofunguliwa mlango na sheria ya kodi ya mwaka 1978. Katika akaunti hizo hasara ni ya mfanyakazi. Kampuni ya Enron ilipoanguka mwaka 2001, zaidi ya nusu ya akiba ya uzeeni ya watumishi wake ilikuwa katika hisa za kampuni hiyo hiyo. Wakapoteza kazi na akiba kwa pamoja.

Huku kwetu njia ilikuwa nyingine. Baada ya uhuru serikali zenyewe zilianzisha mifuko ya akiba: Tanzania mwaka 1964, Kenya mwaka 1965, Uganda mwaka 1967. Kila mfanyakazi akawa na hesabu yake kwa jina lake. Kwa mfuko wa namna hiyo maafa ya Studebaker hayawezi kutokea, maana fedha haimo mikononi mwa mwajiri. Lakini adui wa kwetu alikuwa mwingine. Sheria ya Uganda ya mwaka 1985 iliagiza mwajiri achangie asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5, ikaahidi na riba isiyopungua asilimia mbili na nusu kwa mwaka. Mwaka 1987 shilingi mia za zamani zikafanywa shilingi moja mpya, na fedha zilizobadilishwa zikakatwa asilimia 30. Kuondoa sifuri peke yake hakumdhuru mtu, kwani bei nazo zilipunguzwa vivyo hivyo. Kilichouma ni makato, na bei ambazo katika mwaka huo zilipanda zaidi ya mara mbili. Riba ya asilimia mbili na nusu ingefanya nini mbele ya moto huo? Hesabu ya mfanyakazi ilikuwa salama daftarini, senti kwa senti. Ila uzito wake ulikuwa umeyeyuka. Wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwamo watu wa reli waliokieneza Kiswahili kutoka Mombasa hadi Kasese, walikuwa wameonja msiba wao tangu Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mapatano ya Arusha ya mwaka 1984 yaliitaka kila nchi iwalipe raia wake. Na nchini Tanzania wastaafu hao walikuwa bado mahakamani mwaka 2003.

Na sisi walimu tuliomo katika utumishi wa serikali? Katika makoloni ya Uingereza, yetu ya Afrika Mashariki yakiwamo, sheria za pensheni zilikuwa na kifungu kilichosema kwamba mtumishi hana haki kamili ya kuidai. Ni maneno yaleyale ya mahakama ya New York ya mwaka 1898, yaliyovuka bahari kwa merikebu nyingine. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 254, imesema kinyume: mtumishi wa umma anapostaafu atapokea pensheni inayolingana na cheo, mshahara na muda wa utumishi wake. Mwaka 2022 sheria ya mfuko wa akiba nayo ilirekebishwa, ikamfikia hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja. Hapo kabla wenye wafanyakazi chini ya watano hawakulazimika kuchangia.

Tulirudi darasani na habari hizi wiki iliyofuata. Yule mwanafunzi aliandika daftarini mwake: "Kiinua mgongo, ujira uliokawia." Jirani yake akabisha kwamba baba yake aliyekuwa mlinzi wa duka alipewa baiskeli siku ya kuondoka, na hiyo nayo waliiita kiinua mgongo. Kengele ikalia wakiwa bado wanabishana.