Pokeo, si Toleo

Kamati moja ya istilahi imependekeza kila namna ya kusimulia kisakale iitwe "toleo". Nilipinga kwa barua, barua haikujibiwa. Basi napinga hapa.

Toleo latokana na kutoa, nalo ni neno la mtambo wa uchapaji: kamusi hutolewa, ikasahihishwa, ikatolewa tena, na toleo la tatu likalifuta la pili. Masimulizi ya kisakale hayafutani hivyo. Tazama habari ya Kilwa. Mreno João de Barros aliichapisha mwaka 1552: Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi, adharauliwa na nduguze kwa kuwa mama yake ni mtumwa wa Kihabeshi, aondoka, akanunua kisiwa kwa nguo. Tarihi ya Kiarabu ya Kilwa yaanza na ndoto ya panya mwenye pua ya chuma, kisha merikebu saba, kisha nguo za kukizunguka kisiwa kizima. Simulizi ya Kiswahili aliyoichapa Carl Velten mwaka 1907 yamleta Mrimba, mwenye kisiwa, na bintiye anayeozwa kwa mgeni. Nguo sasa zatandazwa njiani kuelekea bara. Ipi imeifuta nyenzake? Huko Mbagala, kando ya Barabara ya Kilwa, nimemsikia bibi mmoja akisimulia kuwa binti ndiye aliyemshawishi babaye auze, na hakuna msikilizaji aliyemsahihisha. Hata katika visakale vya Ulaya, Lancelot hakuwa mpenzi wa mke wa Mfalme Arthur mpaka Chrétien de Troyes alipolitia jambo hilo, karne ya 12.

Neno ni pokeo. Mapokeo tunayo siku zote. Umoja wake tumeuacha ukae bure. Tuna kupokea, tuna kupokezana, tuna mbio za kupokezana vijiti. Na ndani ya pokea mimi naisikia poka, yaani kunyang'anya, na hapo ndipo neno linaponiridhisha kabisa: msimulizi hupewa hadithi, naye akaipoka ikawa yake. Bibi wa Mbagala amempoka Mreno na mwandishi wa tarihi pamoja. Toleo litayasemaje hayo?

Mwenzangu mmoja, mtetezi wa toleo, hudai kwamba pokeo halijazoeleka. Litazoelekaje, naye kila muswada unaopita mkononi mwake hulikata?

Matumizi: pokeo la Barros, pokeo la Velten, mapokeo ya Kilwa. Toleo libaki kwa vitabu.