Mapaa ya Nyanda za Juu na Vumbi la Asbesto

Watu wa Nyanda za Juu Kusini hawakungoja bidhaa za meli ndipo wajue kujisitiri. Wahehe wa Iringa waliishi katika tembe, nyumba ndefu yenye paa bapa la miti iliyokandikwa udongo, na Wanyakyusa wa Rungwe, ambako mvua hunyesha bila simile, walijenga kwa mianzi na kuezeka kwa majani, kwa unadhifu uliomstaajabisha msafiri Joseph Thomson alipopita kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879. Wamisionari Wamoravian walipoweka makao Rungwe mwaka 1891, na Wabenediktini walipofika Tosamaganga baada ya Wajerumani kuiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa mtawala wa Wahehe, mwezi wa Oktoba 1894, ilienea sanaa ya tofali la kuchoma na kigae chekundu, vitu viwili vilivyotoka katika udongo wa nchi yenyewe.

Bati lilipanda nyanda hizo pamoja na amri na biashara. Mji wa Mbeya ulipoanza kujengwa katika miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ikiwavuta watu wa kila jinsi, bati lilikuwa paa la haraka, jepesi kuchukulika, walakini lenye kelele wakati wa masika na baridi kali wakati wa kipupwe. Ndipo asbesto ikaonekana kuwa jawabu la kila lawama. Ludwig Hatschek wa Austria alikuwa amevumbua, karne ya 20 ilipokuwa inaanza, namna ya kuchanganya nyuzi za madini hayo na saruji, aghalabu fungu moja la nyuzi kwa mafungu tisa ya saruji, akapata bamba lisiloungua, lisiloshika kutu wala kupiga kelele mvuani. Na nyuzi zenyewe zilichimbwa hata kusini mwa bara letu, Shabani katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, na Havelock katika Uswazi tangu mwaka 1939. Hapa Tanzania bamba hilo lilifunika shule, hospitali, ofisi na nyumba za watumishi, likapata taadhima ambayo kigae cha udongo kilinyimwa.

Mwalimu Nyerere, alipoipima miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, aliwalaumu Watanzania kwa kung'ang'ania saruji na bati, akaiita hali hiyo kupooza kwa akili, ilhali tofali na kigae vingeweza kuchomwa nyumbani kwao. Hakunena habari ya maradhi yaletwayo na asbesto. Alinena habari ya kujitegemea. Hata hivyo naamini kwamba, laiti neno lake lingalisikilizwa Mbeya na Iringa, ambako udongo wa kuchoma haukosekani, mafundi wa leo wangalikuwa na mabamba machache zaidi ya kuteremsha.

Hatari yenyewe haikuwa siri kwa wenye elimu. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenziwe walitangaza habari za wagonjwa wa Northern Cape, Afrika ya Kusini, walioshikwa na saratani ya utando wa mapafu, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakufanya kazi kamwe katika migodi ya asbesto ila waliishi jirani nayo. Maradhi hayo hujificha miaka 20, 30, hata 40. Kenya iliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari kwa kanuni za mwaka 2006, na Afrika ya Kusini, iliyokuwa mchimbaji, iliipiga marufuku mwaka 2008. Kwetu, taka za namna hiyo huangaliwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Bamba zima lililotulia juu ya kenchi halimdhuru mtu. Kinachodhuru ni vumbi lake likivutwa pumzini. Lakini mvua na ukungu wa nyanda hizi hula saruji ya juu na kuziacha nyuzi wazi, ukoga huota, na mwenye nyumba humpandisha kijana na brashi ya waya asugue. Hapo ndipo madhara huanza. Jicho halitoshi kuhukumu, kwa maana yapo mabamba yasiyo na asbesto yanayofanana nayo. Umri wa nyumba huleta shaka tu, na hakika hutolewa na maabara kwa hadubini, kwa kipande kidogo kilicholoweshwa kabla ya kukatwa, kikafungwa katika mifuko miwili.

Kuteremsha paa hilo si kubomoa. Wakaaji huondolewa kwanza. Bamba huloweshwa maji, misumari hung'olewa bila kulivunja, nalo hupokezanwa kwa mikono hadi chini, wala halirushwi. Fundi huvaa barakoa ya kuchuja vumbi jembamba, si kitambaa, na nguo ambazo hazirudi kufuliwa pamoja na za watoto wake. Kumpa jirani mabamba hayo aezeke banda la kuku, au kuyaponda yawe kifusi cha njia, ni kumpa maradhi kwa jina la hisani. Sharti yafungwe kwa nailoni nzito maradufu, yaandikwe ilani, na kuzikwa mahali palipoidhinishwa, na mahali hapo patiwe katika ramani ya halmashauri, kwa kuwa Mbeya na Iringa zinapanuka, na atakayechimba msingi hapo baada ya miaka 50 hatakuwa na njia nyingine ya kujua kilichomo.