Ardhi Isiyotulia: Jinsi Bonde la Ufa Lilivyoacha Alama Zake Jinja na Mbale

Wakazi wengi wa Jinja na Mbale hawajapata kuona volkeno ikilipuka. Hata hivyo, mambo mawili yanayoitambulisha miji hiyo ya mashariki mwa Uganda yametokana na nguvu zilezile zinazoamsha volkeno na matetemeko. Moja ni Mto Nile, unaotoka katika Ziwa Victoria hapo Jinja. La pili ni Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, unaoinuka nyuma ya mji wa Mbale. Kuzifahamu nguvu hizo ni somo la darasani, lakini pia kunamsaidia mkazi wa mlimani kutenganisha hatari ya kweli na uvumi.

Mabamba ni nini?

Sehemu ngumu ya juu ya dunia haikuungana kama ganda la yai zima. Imegawanyika katika vipande vikubwa viitwavyo mabamba, na kila bamba lina unene wa makumi ya kilomita, pengine kilomita 100 na zaidi. Chini yake kuna mawe yenye joto kali. Mawe hayo si maji wala uji, kwani kwa sehemu kubwa ni yabisi. Lakini kwa kuwa yamepata joto na kugandamizwa, hujongea polepole mno katika muda wa mamilioni ya miaka, na mabamba husogea pamoja nayo.

Mabamba hukutana kwa namna tatu. Yakigongana, ardhi hukunjamana na kuinuka, kama ilivyotokea katika milima ya Himalaya. Yakipishana ubavu kwa ubavu, huzuka matetemeko, kama yale ya California. Yakiachana, ardhi hunyooka, hukonda na hatimaye hupasuka. Afrika Mashariki imo katika kundi hili la tatu.

Mjerumani Alfred Wegener alitoa hoja mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa yameungana zamani, kisha yakaachana. Wanasayansi wengi waliikataa hoja yake kwa kuwa hakuweza kueleza nguvu inayoyasukuma. Ilikubalika kwa upana katika miaka ya 1960, baada ya sakafu ya bahari kuchunguzwa.

Bara linalopasuka

Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lina matawi mawili makubwa. La mashariki hupita Ethiopia, Kenya na Tanzania. La magharibi hufuata mpaka wa Uganda na Kongo, kupitia Ziwa Albert, hadi Ziwa Tanganyika na kuendelea kusini. Upande wa magharibi wa mpasuko huo mkubwa kuna bamba la Nubia, na upande wa mashariki kuna bamba la Somalia. Katikati ya matawi hayo mawili kuna kipande kigumu cha kale ambacho wataalamu hukiita bamba dogo la Victoria. Jinja na Mbale zimo juu ya kipande hicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulieleza kuwa kipande hicho kinazunguka polepole kinyume cha mwendo wa mishale ya saa.

Mwendo wenyewe ni mdogo. Ukucha wa kidole huongezeka takriban milimita tatu kwa mwezi, lakini mabamba ya Nubia na Somalia huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka mzima. Mwanadamu hawezi kuuona mwendo huo maishani mwake. Lakini milimita tano kwa mwaka, zikiendelea kwa miaka milioni moja, huwa kilomita tano.

Mlima uliotangulia ziwa

Elgon ni volkeno ya kale iliyozimika. Ilianza kujijenga zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, wakati joto la chini lilipokuwa likiinua na kudhoofisha ardhi ya eneo hilo. Lava na majivu viliendelea kulundikana, tabaka juu ya tabaka, hata kitako cha mlima kikafikia upana wa takriban kilomita 80. Kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Juu kabisa kuna kasoko pana iliyobaki baada ya sehemu ya juu ya volkeno kudidimia.

Ziwa Victoria ni changa mno likilinganishwa na mlima huo, kwani hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 400,000 hivi. Kabla yake, mito kama Kagera na Katonga ilitiririka kuelekea magharibi. Kingo za tawi la magharibi zilipoinuka, mito hiyo ilizibiwa njia, na maji yakarudi nyuma na kujaa katika bonde pana lisilo na kina. Ndiyo maana kina cha Ziwa Victoria ni mita 80 hivi tu, ilhali Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, hufikia takriban mita 1,470. Maji yaliyojaa yalipata njia ya kutokea upande wa kaskazini, hapo Jinja. John Hanning Speke aliyaona maporomoko yake mwaka 1862. Baadaye yalifunikwa na maji kutokana na ujenzi wa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954.

Hatari iko wapi?

Matetemeko makubwa zaidi ya Uganda hutokea upande wa magharibi, karibu na ufa. Lile la Toro la Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100. Hata hivyo, bamba la Victoria nalo hutikisika. Tetemeko la Bukoba, Tanzania, la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na lilisikika hadi Uganda.

Kwa watu wa Elgon, hatari iliyo karibu zaidi ni maporomoko ya ardhi. Lava na majivu ya kale yameoza yakawa udongo mzito wenye rutuba, unaostawisha kahawa ya Bugisu. Udongo huohuo ukilowa kwa mvua nyingi, na miti ikiwa imekatwa kwenye miteremko mikali, huteleza. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulikifukia kijiji cha Nametsi wilayani Bududa na kuua mamia ya watu. Novemba 2024 maafa kama hayo yalivikumba vijiji vya wilaya ya Bulambuli.

Kwa hiyo, ufa unapoonekana shambani au kwenye ukuta wa nyumba mlimani wakati wa masika, haumaanishi kwamba volkeno inaamka. Huenda ni mteremko ulioanza kusogea. Dalili nyingine ni miti kuinama, milango kukwama ghafla, na chemchemi kuzuka mahali pasipokuwa na maji au kugeuka tope. Mabamba huchukua mamilioni ya miaka kubadili nchi, bali mteremko ulioshiba maji huanguka kwa dakika chache. Anayeziona dalili hizo hana budi kuhama mara moja pamoja na jamaa zake, kuwaonya majirani na kuwaarifu viongozi wa kijiji, bila kungoja mvua ikatike.