Simu isiyo na tundu la hedifoni: Jinsi ya kuitambua adapta itakayofanya kazi

Na Mwandishi Wetu

KUTOWEKA kwa tundu la hedifoni katika simu nyingi za kisasa kumewaletea watumiaji usumbufu ambao wengi huugundua wakiwa wamekwishalipa fedha zao: adapta inaingia barabara kwenye tundu la chaji, lakini haitoi sauti hata kidogo.

Mnunuzi huirudisha dukani akidai kuwa ni mbovu. Muuzaji huichomeka kwenye simu yake, ikaimba vizuri, na mabishano yakaanzia hapo.

Mara nyingi wote wawili huwa wana haki. Adapta ni nzima na simu ni nzima, ila havikutengenezwa kufanya kazi pamoja. Makala haya yanaeleza sababu ya hali hiyo na namna ya kuepuka kupoteza fedha.

Tundu lilivyoondoka

Tundu la duara lenye kipenyo cha milimita 3.5 lilienea duniani kupitia redio ndogo za mkononi, na baadaye kupitia kinanda cha kaseti cha Walkman, ambacho kampuni ya Sony ya Japani ilikiingiza sokoni mwaka 1979.

Kampuni ya Oppo ya China ilitoa simu nyembamba ya Finder isiyo na tundu hilo mwaka 2012. Hata hivyo, mabadiliko makubwa yalikuja Septemba 2016, pale kampuni ya Apple ya Marekani ilipozindua iPhone 7. Aliyekuwa mkuu wa masoko wa kampuni hiyo, Phil Schiller, aliueleza uamuzi wa kuliondoa tundu hilo kuwa ni wa ujasiri.

Google ilifuata mwaka 2017 kwa simu ya Pixel 2, na Samsung ikafanya hivyo mwaka 2019 kwa Galaxy Note 10. Baadaye hatua hiyo ilizifikia simu za bei ya kati. Galaxy A52 ya mwaka 2021 ilikuwa na tundu la hedifoni, lakini A53 iliyotoka mwaka 2022 haikuwa nalo.

Apple nayo iliachana na tundu lake la Lightning katika iPhone 15 mwaka 2023 na kuhamia USB-C, ambayo wafanyabiashara wengi huiita 'Taipu C'. Kwa hiyo, leo simu nyingi zisizo na tundu la hedifoni hupitisha sauti ya waya katika tundu la aina moja. Kufanana huko kwa umbo ndiko kunakowapotosha wanunuzi.

Adapta za aina mbili

Sauti iliyohifadhiwa ndani ya simu ni tarakimu tupu. Ili sikio liisikie, ni lazima tarakimu hizo zigeuzwe kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka, yaani sauti ya analojia, ambao hutikisa spika ndogo zilizomo ndani ya hedifoni. Kazi hiyo hufanywa na chipu inayojulikana kwa herufi tatu: DAC.

Swali la msingi kwa mnunuzi ni moja: chipu hiyo iko wapi?

Katika aina ya kwanza ya adapta, ndani hamna chipu yoyote bali nyaya tu. Adapta hiyo huitegemea simu iigeuze sauti yenyewe, kisha iitoe ikiwa tayari kupitia tundu la USB-C. Kanuni za USB-C zilizotolewa mwaka 2014 ziliruhusu utaratibu huo: simu inapoitambua adapta ya namna hiyo, nyaya mbili ambazo kwa kawaida hupitisha data hugeuzwa kuwa njia ya sauti ya kushoto na ya kulia.

Tatizo ni kwamba kanuni hizo hazikumlazimisha mtengenezaji kuuweka utaratibu huo. Xiaomi Mi 6 na Huawei P20 ni miongoni mwa simu zilizokuwa nao. Pixel 2, Galaxy Note 10, Galaxy S20 na iPhone 15 hazina. Adapta ya nyaya tupu ikichomekwa kwenye simu hizo za kundi la pili, muziki huendelea kutokea kwenye spika ya simu kana kwamba hakuna kilichochomekwa.

Katika aina ya pili, chipu imo ndani ya adapta yenyewe. Simu huitumia adapta tarakimu, nayo huzigeuza kuwa sauti. Mfumo wa Android umekuwa ukikubali vifaa vya sauti vya namna hiyo tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, na iPhone zenye USB-C huvikubali pia.

Kutokana na hali hiyo, kanuni ya mnunuzi ni nyepesi: asiyejua simu yake iko kundi gani achague adapta yenye chipu. Hiyo hufanya kazi katika simu nyingi zaidi, zikiwamo nyingi za kundi la kwanza.

Izingatiwe kuwa hedifoni zinazokuja na kichwa cha USB-C moja kwa moja nazo ni za aina hizo mbili, hivyo hukumu yake ni ileile.

Namna ya kuzitofautisha

Kwa macho, adapta hizo hufanana kama mapacha. Zipo hata hivyo dalili za kusaidia.

Kwanza, soma pakiti. Adapta yenye chipu aghalabu huandikwa herufi DAC, au hutajwa viwango vya sauti kama vile biti 24 na kilohezi 48 au 96. Pakiti isiyo na maelezo yoyote ya namna hiyo itiliwe shaka.

Pili, itumie kompyuta kama ipo karibu. Adapta yenye chipu ikichomekwa kwenye tundu la USB-C la kompyuta, kompyuta huitambua na kuionyesha katika orodha ya vifaa vya sauti. Adapta ya nyaya tupu haionekani kwenye orodha hiyo.

Tatu, ambalo ndilo la uhakika zaidi, ijaribu kwa simu yako na hedifoni zako kabla ya kulipa. Simu ya muuzaji si kipimo. Cheza muziki, rekodi ujumbe wa sauti ili kupima maikrofoni, kisha bonyeza kitufe cha kwenye waya. Adapta inaweza kupita jaribio la kwanza na kushindwa la pili.

Inapokataa ilhali ni nzima

Zipo hali ambazo adapta sahihi hukataa kwa sababu ya mpangilio wa simu.

Katika simu nyingi za Oppo, Realme na OnePlus, kipengele kinachoitwa OTG huwa kimezimwa, na ni lazima kiwashwe kwenye mipangilio ndipo kifaa cha nje kitambuliwe. Kipengele hicho hujizima chenyewe kisipotumika kwa dakika 10, hivyo mtumiaji anaweza kudhani kuwa adapta imekufa ghafla.

Aidha, katika mipangilio ya wasanidi programu ya Android kuna swichi inayozuia sauti kuelekezwa kwenye vifaa vya USB. Kwa simu iliyonunuliwa ikiwa imekwishatumika, ni vyema kuhakikisha kuwa mmiliki wa awali hakuiwasha.

Vilevile, pamba na vumbi la mfukoni hujikusanya ndani ya tundu la chaji na kuzuia kichwa cha adapta kisizame vya kutosha. Lisafishwe simu ikiwa imezimwa, kwa kijiti kikavu kisicho cha chuma.

Suala jingine ni sauti kuwa ndogo. Adapta ya USB-C ya Apple inasifika kwa ubora na bei nafuu, lakini katika simu nyingi za Android hutoa sauti hafifu, kwa kuwa simu haiongezi kiwango cha sauti kilichomo ndani ya adapta yenyewe. Isitoshe, toleo lake linalouzwa Ulaya limewekewa kikomo cha chini kuliko la Marekani.

Hedifoni za zamani

Wakati mwingine kosa haliko kwenye adapta bali kwenye hedifoni. Kichwa chenye pete tatu nyeusi hubeba sehemu nne za mguso: sauti ya kushoto, sauti ya kulia, maikrofoni na waya wa pamoja. Simu za sasa hufuata mpangilio uitwao CTIA, ilhali baadhi ya hedifoni za zamani, zikiwamo za Nokia, zilifuata ule wa OMTP, ambamo maikrofoni na waya wa pamoja vimebadilishana nafasi.

Dalili yake ni muziki kusikika huku mwimbaji akiwa kama yuko chumba cha pili. Ikiwa sauti hutengemaa kitufe cha kwenye waya kinapobonyezwa na kushikiliwa, basi tatizo ni hilo, na kubadili adapta ya USB-C hakutasaidia.

Redio, chaji na mixa

Kwa wasikilizaji wa redio, kuna jambo la kuzingatia. Redio ya FM ya kwenye simu hutumia waya wa hedifoni kama antena. Adapta yenye chipu hupitisha tarakimu, hivyo kwa kawaida njia ya antena hukatika na programu ya redio huendelea kudai hedifoni zichomekwe. Anayetegemea FM ya simu kwa taarifa za habari au mpira atakuwa salama zaidi akinunua simu ambayo bado ina tundu la milimita 3.5.

Adapta za matundu mawili, moja la hedifoni na jingine la chaji, nazo zijaribiwe kwa kazi zote mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa zipo zinazochaji bila kutoa sauti katika simu zinazohitaji chipu.

Kwa wanaounganisha simu na mixa kanisani, ukumbini au kwenye sherehe, adapta yenye chipu inafaa. Hata hivyo, mngurumo ukisikika wakati simu iko kwenye chaji, ichomolewe kwanza kwenye umeme, kwani chanzo mara nyingi huwa ni chaji. Sauti ianzishwe chini kabla ya kupandishwa.

Wapo watakaosema kuwa Bluetooth imemaliza mjadala huu. Lakini hedifoni za Bluetooth huhitaji kuchajiwa, na sauti yake huchelewa kidogo. Kwa asiyeona anayeisikiliza simu ikimsomea kila anachogusa, ucheleweshaji huo ni kikwazo cha kila siku, na waya unabaki kuwa msaada.

Kwa hiyo, mnunuzi aende dukani na vitu viwili, simu yake na hedifoni zake, na aulize jambo moja kabla ya bei: je, adapta hii ina chipu ya sauti ndani?